Picha zenu mtandaoni ziandikieni maneno

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua nitoe dukuduku langu kwa wote wanaoweka picha mtandaoni, gazeti lako likiwamo. Mimi ni opereta wa simu mstaafu, mkazi wa Ngarenaro hapa Arusha. Surua ilinichukulia macho kabla sijaanza shule. Barua hii nimeiandika mwenyewe kwa simu, nayo inanitamkia kila herufi ninayogusa. Nalisema mapema kwa sababu nikianza kuongelea picha watu hudhani kuna mtu pembeni ananisemea.

Simu nyingi za Android zinazouzwa hapa mjini zina TalkBack ndani yake, bure. iPhone wana VoiceOver tangu mwaka 2009, na kwenye kompyuta ipo NVDA, nayo haina malipo. Zote zinatamka kilichoandikwa kwenye skrini. Picha isiyoandikiwa kitu haina cha kutamkwa, hivyo programu inaokota chochote kilicho karibu, mara nyingi jina la faili.

Nilipostaafu ofisi ilitufanyia sherehe ya kutuaga. Ndafu ilikuwepo, hotuba zilikuwepo (nyingi), na mpiga picha hakutulia. Baadaye tukaambiwa picha zimewekwa kwenye tovuti. Mwenzangu mmoja akanipigia: "Dada, umetoka vizuri mno, kaangalie." Nikafungua. Nikatelezesha kidole, simu ikasema: "Picha. I-M-G, kistari, W-A sifuri sifuri kumi na saba." Nikatelezesha tena: kumi na nane. Halafu kumi na tisa. Albamu nzima ilikuwa hesabu. Nimo humo ndani, lakini mimi ni namba ngapi?

Nikampigia kijana wa kompyuta. Ana adabu zake; alianza na shikamoo, akaniuliza na hali ya miguu. Nilipomweleza shida yangu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini mama, si picha ni za kuona?"

Mwanangu, picha ni za kutuma. Ni za kuringia. Ni za kujua nani alikuja na nani alituma udhuru. Mimi nilitaka kumrushia dada yangu aliyeko Moshi ile niliyopiga na mkurugenzi, nisije nikamtumia ile ambayo nimefumba mdomo kama niliyenyimwa chai. Sisi tusioona tuko kwenye makundi ya ukoo kama ninyi, tunaweka status, na kila Jumamosi tunamwagiwa picha za harusi.

Nikamwita mjukuu wangu aniangalizie. "Bibi umependeza." Nikamwambia hiyo ni sifa, niambie picha. "Umekaa." Wapi? "Kwenye kiti." Ilibidi nimvute ulimi mpaka nikapata hivi: nimekaa mstari wa mbele, gauni la kitenge cha bluu, fimbo nyeupe nimeilaza mapajani, mkurugenzi ameinama ananikabidhi blanketi lililofungwa utepe mwekundu, na nyuma yetu bwana mmoja wa masijala anatafuna, shavu limejaa. Hapo nikacheka, maana bwana huyo namfahamu.

Maneno hayo ndiyo niliyokuwa nayahitaji. Aliyepandisha picha angeyaandika kwa dakika moja, na majina akayaweka, kwa sababu yeye alikuwepo ukumbini. Kwenye tovuti kila picha ina mahali pake pa maandishi mbadala, yaani maelezo ya picha ambayo simu inayatamka. Fundi wa tovuti anapajua hata akijifanya hapajui. Facebook na Instagram nao wamepaweka. Maandishi hayo hayaharibu mwonekano wa ukurasa. Anayeona hayamsumbui, ila bando lake likiwa hafifu na picha ikagoma kufunguka, ndiyo yatakayotokea mahali pake. Picha ya pambo tu, kama vile ua la pembeni au mstari wa rangi, fundi anaiweka nafasi hiyo na kuiacha tupu kwa makusudi, tofauti na kuisahau kabisa, na simu inapita bila kelele.

Nimeambiwa siku hizi mashine inaeleza yenyewe. Kweli, Facebook walianza mwaka 2016, na huwa naisikia: "Huenda ni picha ya mlima." Mlima gani, kwa mtu anayeishi chini ya Meru na dada yake yuko chini ya Kilimanjaro? Ipo pia Be My Eyes, iliyoanzia Denmark mwaka 2015, ambapo mtu wa kujitolea anakuangalizia kupitia kamera, na sasa kuna akili bandia inayoeleza vizuri kuliko mjukuu wangu. Naishukuru, naitumia. Lakini mashine haikualikwa kwenye sherehe. Itaniambia kuna mwanaume mwenye suti. Haitaniambia ndiye aliyekuwa akinikatia simu kila nikimuunganisha na wizara.

Ninyi wa magazeti kazi hii mnaiweza, kwa vile hampitishi picha bila maelezo chini yake. Tatizo ni kwamba maelezo yale yanaandikiwa mtu ambaye tayari anaona. "Kiongozi (kushoto) akizungumza na wananchi kuhusu huduma ya maji." Kushoto kwa nani? Tuseme kwenye picha hiyo wananchi wameshika ndoo tupu na mmoja ameigeuza yake akaikalia. Habari yenyewe iko hapo kwenye ndoo, na mimi peke yangu ndiye sijaipata.

Kampuni za utalii nazo ziangalie mlango wao. Mji huu unakula kwa picha. Nimepita kwenye tovuti ambayo kila picha imeandikwa "tembo", "tembo", "tembo", mpaka nikajiona nimezingirwa. Andika "tembo jike na ndama wake wakivuka mto Tarangire" uone kama hujamuuzia mtu safari. Na msidhani wasioona hawasafiri. Erik Weihenmayer, Mmarekani asiyeona aliyefika kilele cha Everest mwaka 2001, huu mlima wetu wa Kilimanjaro ameupanda pia.

Si sisi tu. Jirani yangu alipata kiharusi, mkono wa kulia hauna nguvu. Anasema albamu zinazojizungusha zenyewe zinamkimbia kabla hajaigusa picha anayoitaka, na ule msalaba wa kufungia ni mdogo kiasi kwamba anagusa tangazo. Mtoto wake wa kumlea ana ualbino na uoni hafifu; kwake maandishi meupe juu ya picha ya theluji ni kama hayapo. Haya yote yana dawa iliyokwisha kuandikwa. Shirika la W3C, linaloweka viwango vya tovuti duniani, lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa tovuti kwa watu wenye ulemavu mwaka 1999. Toleo la mwaka 2008 linataka kinachojizungusha zaidi ya sekunde 5 kiweze kusimamishwa, na mwangaza wa maandishi ya kawaida utofautiane na wa kilicho nyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. La mwaka 2023 likaongeza hata ukubwa wa chini wa kitufe.

Ila kinachoniuma zaidi ya albamu ni matangazo. Siku hizi taarifa ya kukatika maji, orodha ya walioitwa kwenye usaili, nafasi za kazi, vyote vinapigwa picha vikiwa na muhuri na sahihi, vinatupiwa mtandaoni. Muhuri ndio unaoaminika, sikatai. Simu yangu inasema "picha" na kunyamaza. Mwaka jana kijana mmoja wa chama chetu, mwenye shahada yake, alikosa kuomba kazi kwa sababu hiyo. Tangazo lilipokuja kusomwa na mtu mwingine, siku zimepita, mstari wa mwisho ulisema watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba. Waliandika ndani ya picha!

Kubandika maneno yaleyale chini ya picha kunahitaji nini zaidi ya kunakili kutoka kwenye faili ambalo barua ilichapiwa? Nchi hii iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 21 ya Mkataba inazungumzia kupewa taarifa za umma kwa namna tunayoweza kuipata, kwa wakati na bila gharama ya ziada. Yule kijana alipata taarifa baada ya mlango kufungwa.

Mhariri, naomba uanze na ukurasa wako wa picha za Jumapili mtandaoni. Wapiga picha wako waandike walichokiona, sentensi moja au mbili, bila kupamba. Ukishaweka, nijulishe, nitaupitia wote kwa kidole na kukuandikia simu ilipotamka vizuri na ilipokwama.

Opereta Mstaafu,
Ngarenaro, Arusha