Krismasi njema kwenu mnaobeba boksi la damu

Krismasi njema na heri ya mwaka mpya, ndugu zetu wa usafi, dobi, jikoni, getini, kwenye magari ya wagonjwa, nanyi mnaosukuma machela huku Mwanza kwenye vilima. Wengine mtakula sikukuu nyumbani Magu, Sengerema au Ukerewe. Wengine zamu imewaangukia usiku wa tarehe 24. Poleni, na hongereni.

Kwetu sisi wa benki ya damu, Desemba ni mwezi mgumu. Wachangiaji wetu wakubwa ni wanafunzi wa sekondari, na sasa shule zimefungwa. Wakati huohuo barabara zimejaa wasafiri, mvua za vuli zimeleta mbu, na wodi ya watoto inapokea waliopauka viganja kwa malaria na selimundu. Kuna na wale wa visiwani na mialoni: kichocho kimewaharibu ini miaka mingi kimyakimya, siku moja wanatapika damu beseni zima. Mnawajua, maana beseni hilo mnaliosha ninyi.

Tunajua pia yanayosemwa kwenye korido. "Tutoe sisi, halafu ndugu wa mgonjwa waambiwe walete watu wawili?" Swali lina haki yake. Ndugu wanaombwa kurudishia kwa sababu jokofu lilikuwa karibu tupu kabla mgonjwa hajafika. Damu yao ya leo lazima kwanza ipimwe Ukimwi, homa ya ini B na C na kaswende. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hawezi kuisubiri. Damu haiuzwi. Anayedai hela mlangoni ni mwizi, mtajeni kwa uongozi.

Hasira nyingine ni ya kuona damu ikitupwa. Mfuko (wengi tunauita chupa bado) hukaa siku 35 tu kwenye nyuzi 2 hadi 6. Usipojaa vizuri ule ujazo wa mililita 450, dawa ya kuzuia kuganda inazidi na hautumiki. Nyingine huharibikia mikononi mwetu sote: barafu ikiugusa mfuko moja kwa moja ndani ya boksi, chembe nyekundu hupasuka, kwa hiyo wekeni kadibodi katikati. Na mfuko uliokaa nje ya jokofu zaidi ya nusu saa haurudishwi. Soga ya dakika kumi pale kwenye ngazi, kumbe, ina bei.

Ukiamua kuchangia, uwe na miaka 18 hadi 65 na kilo 50 au zaidi. Tunapima presha, tunakutoboa kidole na kudondosha tone kwenye maji ya bluu ya salfeti ya shaba. Likizama upesi, wingi wa damu unatosha. Likielea, unarudi nyumbani na ushauri wa dagaa, maharage na matembele, na chai uinywe saa moja baada ya mlo, kwani inazuia madini ya chuma. Sindano yenyewe ni dakika 10 hivi. Mwanaume anarudi baada ya miezi mitatu, mwanamke minne.

Aliyetoka zamu ya usiku asije moja kwa moja. Wanaozimia kitandani kwetu mara nyingi ni waliokosa usingizi au hawajala, si waoga. Kunywa maji nusu lita kabla. Dobi, siku hiyo usinyanyue mashuka mabichi kwa mkono uliochomwa. Shinikizo linafungua mshipa na unavimba. Na wewe wa usafi uliyechomwa na sindano kwenye taka miezi ya karibuni, usitoe kwanza. Ripoti, upimwe, na uulizie chanjo ya homa ya ini B, dozi tatu.

Anayeogopa majibu yake kujulikana kazini aende Kituo cha Damu Salama Kanda ya Ziwa, hapahapa mjini. Mfuko unasafiri na namba, na majibu anapewa mwenyewe, faragha.

Soda na biskuti za wachangiaji zipo. Ila zile za sherehe yenu ya mwaka mpya, tafadhali, msizifiche tena kwenye jokofu la damu. Kila mlango unapofunguliwa joto linapanda, na kengele inatuamsha sisi.