Lori la zamani kwenye reli ya modeli lipimwe kwanza

Mhariri, naomba nafasi niongee na wenzangu wa treni za modeli, jamani tuache kuunda lori la zamani kwa kukisia kwa macho. Skeli za modeli tunazotumia ni HO, 1:87, yaani modeli ni ndogo mara 87 kuliko kitu halisi, na OO, 1:76, kwa hiyo lori la mita 6 linatoka kama milimita 69 kwenye HO na 79 kwenye OO, ukizichanganya gari linaonekana limevimba pembeni ya behewa. Mi naona tuanze na magurudumu, maana mengi ya zamani yalikuwa membamba na spoku zake ndo zinabeba sura yote, bodi ya plastiki utaikata baadaye kirahisi tu. Na rangi ising'ae, ikishang'aa basi lori linakuwa la kuchezea watoto.