Kocha, mtu wako bora unamwekea nani?

Mhariri, naomba kanafasi kadogo. Mimi ni fundi simu hapa Mbuyuni, Moshi, na usiku kazi zikiisha naangalia besiboli kwenye simu, mke wangu anaiita rede ya wazungu lakini tuyaache hayo.

Kinachonikera ni makocha kumficha mrushaji wao mkali, yule anayemrushia mpigaji wa timu pinzani mpira, eti wanamsubiria mwisho. Oktoba 2016 timu ya Baltimore ya Marekani walikuwa ugenini kwa Toronto ya Kanada, mechi moja tu ya mtoano, ukifungwa unarudi nyumbani. Baltimore wana mrushaji Zach Britton, msimu mzima kapewa mechi 47 za kulinda ushindi na zote 47 kazilinda, kwa wastani haruhusu hata pointi moja kwa kila inningi 9 (inningi ni awamu ambayo kila timu inapata zamu ya kupiga, na mechi ya kawaida ina 9). Mechi ikaenda sare 2-2 mpaka inningi ya 11, kocha Buck Showalter bado anasubiri timu itangulie ndo amwingize, akamuacha Ubaldo Jiménez arushe. Edwin Encarnación wa Toronto akauchapa mpira ukaruka nje ya uwanja, pointi tatu kwa mpigo, Toronto 5-2, kwisha habari. Britton hajarusha hata mpira mmoja jamani!

Mnakumbuka Ronaldo Euro 2012? Kawekwa penalti ya tano, Ureno wakatolewa na Hispania zamu yake haijafika. Yale yale.

Mwaka huohuo wa 2016 Terry Francona, kocha wa Cleveland, alikuwa anamwingiza mrushaji wake mkali Andrew Miller hata inningi ya 5, pale panapowaka moto, wakafika fainali. Walifungwa na Cubs wa Chicago mechi ya saba ya fainali, sawa, ila bunduki yao waliitumia.