Maji Yamejaa, Maji Yamekupwa

Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Swali lako nimekaa nalo tangu juzi. Mwalimu wa mantiki amekukata alama kwa kuandika contrary palipotakiwa contradictory, nawe waona ni neno lile lile. Silo. Ila sikulaumu, maana sisi yote mawili twayaita "kinyume" tukamaliza.

Jana alasiri nilikuwa gatini. Mashua ya jirani imelala ubavu kwenye tope, kamba imelegea, maji ndiyo kwanza yaugusa mkuku. Kijana mmoja akamwuliza nahodha, "Maji yamejaa?" Akajibiwa, "Bado." "Kwani yamekupwa?" "Yalikupwa, sasa yapanda."

Hapo ndipo penye jibu lako. "Yamejaa" na "yamekupwa" haziwezi kuwa kweli pamoja, lakini zaweza kuwa uongo pamoja, kwa kuwa kati yake mna kama saa sita za maji kupanda. Hiyo ndiyo contrary. Lakini "yamejaa" na "hayajajaa", moja ni kweli na nyingine ni uongo, hapana pa kusimama katikati. Hiyo ni contradictory, na ndani yake limo neno la Kilatini dicere, kusema: kauli yaikana kauli.

Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani, alizitenga zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Sisi tulizisoma darsani kwa Kiarabu: contradictory ni naqidh, contrary ni dhidd. Naqidh mbili hazikutani wala haziondoki pamoja, yaani haziwi kweli pamoja wala uongo pamoja. Dhidd mbili hazikutani, lakini huweza kuondoka pamoja. Dhidd hiyo ndiyo "dhidi" yetu. Nilikariri nikiwa mdogo kuliko wewe, bila kujua itanifaa wapi.

Basi ukiambiwa "wanafunzi wote wamefaulu", usikimbilie "hakuna aliyefaulu". Kauli inayoikana ile ya kwanza ni "yuko asiyefaulu". Mmoja tu atosha. Nadhani hapa ndipo ulipoteleza.

Mwanangu, kuna jambo jingine. Uliponambia waacha uuguzi uingie sheria, nilinyamaza. Nawe ukamwambia mamako, "Baba hakufurahi, basi amekasirika." Kufurahi sikufurahi, kweli. Lakini kukasirika, wallahi sikukasirika. Nilikuwa na hofu. Ada ya mwaka mzima ilikuwa imeshalipwa, na sikujua ya pili itatoka wapi, na ulimi ukawa mzito. Ukaniweka upande ambao sikuwako, na miezi yote hii ukawa wapiga simu kwa mamako tu. Nilipaswa kukwambia siku ile ile. Nisamehe.

Mamako amefunga mikate ya mofa na achari ya embe, vitakuja na basi la kesho. Likizo ukija, njoo na karatasi ya mtihani. Nataka tukae barazani unioneshe alama zilipokatwa.

Wasalaam,
Babako