Yaya, mkubwa wangu, nipe dakika tano nikujibu kuhusu yale makaratasi

Yaya,

Jumapili ile kwa mama, Katuba, uliniuliza mbele ya watu wote: "Weye unasoma skripti za televisheni za wazungu wa zamani, video za harusi za watu utazimaliza lini?" Nilinyamaza kwa sababu mdomo ulijaa bukari. Leo nakujibu.

Unaikumbuka harusi ya Ruashi, pale baba ya bibi arusi anapotoa wosia? Kipande hicho nilikikata mara nane. Mzee anafunga mdomo, nakata, vigelegele vya mamaa vinaanza. Kosa silioni, lakini kinakwama kama mlango uliovimba kwa mvua. Nikaweka ule urembo unaoupenda, picha kufunuka kama ukurasa wa kitabu. Kikaharibika zaidi. (Halafu umeme ukakatika sijahifadhi. Tuyaache hayo.)

Dawa ilikuwa kwenye hayo makaratasi ya skripti. Miaka ya 1950 mwanzoni, Marekani na Uingereza, michezo mingi ya televisheni ilirushwa moja kwa moja, bila montaji, yaani bila kukata na kuunga picha baadaye. Mashine ya Ampex ya kurekodi video ilitoka 1956, na hata baada ya hapo kukata mkanda ilikuwa kazi ya fundi saa: unaupaka dawa yenye vumbi la chuma ili alama za sumaku za picha zionekane, unachungulia kwa hadubini, unakata kwa wembe, na picha yenyewe huioni. Kwa hiyo kazi yetu hii mimi na wewe aliifanya mwandishi, kwa kalamu. Mwigizaji akitakiwa kubadili nguo, mwandishi anachomeka katikati maongezi ya watu wengine mpaka mwenzao awe tayari. Na ili mtazamaji asishtuke kamera inapohama, anatanguliza sauti: hodi inasikika tungali tunamtazama aliyeketi, mlango tunauona baadaye.

Basi nikavivuta vigelegele nyuma fremu 12, karibu nusu sekunde, vikaingia chini ya neno la mwisho la mzee, "mutunzane". Picha nikaiacha usoni pake. Anavisikia, anainamisha kichwa, anacheka kidogo kama mtoto. Yaya, kicheko kile nilikuwa nakikata na kukitupa mara zote nane!

Najua utanitajia Mufwankolo, yule mwigizaji wa vichekesho: kundi lake la maigizo hapa Lubumbashi lilikubaliana tu mwendo wa hadithi, maneno kila mtu akayatunga papo hapo, na watu wakacheka mpaka machozi. Kweli kabisa. Ila wale skripti walikuwa nayo kichwani. Mimi yangu bado naisaka kwenye karatasi.

Jumamosi uje na disku ya harusi ya Kipushi. Na ukipiga nyingine, mtu akimaliza kusema usizime kamera. Hesabu mpaka kumi.

Ile waya ya kuchajia uliyoondoka nayo ni yangu.