Barua ya wazi kwa mwanangu aliyeniita mgeni mezani

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Sisi huku Mikindani hatujambo, na bibi yako anakusalimu sana. Nimeamua kukuandikia hadharani, bila kutaja jina lako, kwa sababu jambo nililo nalo linawahusu vijana wengi wa Mtwara na Lindi wanaoishi Dar es Salaam, na kwa sababu ningelisema kwa simu ungeniomba radhi kabla sijalimaliza.

Kwanza nakushukuru. Ulinichukua jioni mbili mfululizo kule Masaki, ya kwanza katika mgahawa wa Kiitaliano na ya pili katika mgahawa wa Kithai, ukalipa kwa jasho lako, nami sitausahau ukarimu huo. Lakini jioni ile ya pili, mhudumu alipoleta menyu, ulimwambia kwa sauti ya chini: "Mama ni mgeni, ametoka Mtwara, tumpatie kitu chepesi asije akashindwa kula." Ukaniagizia wali mweupe na kuku wa kukaanga. Nilinyamaza, kwa kuwa haifai kumsahihisha mwenyeji mbele ya watu. Hata hivyo neno lile "mgeni" limenikaa moyoni, na nataka kulijibu kwa yale niliyoyaona katika sahani zako, ambazo kwa wema wako ulinionjesha.

Supu uliyojiagizia ilikuwa tom kha, yaani kuku katika tui la nazi. Kabla sijaipeleka kinywani nilikwisha kuitambua kwa harufu, kwa maana ule ni mchaichai, uleule uliopandwa nyuma ya jiko letu. Vile vipande vya mzizi ulivyovisukuma pembeni, na ulifanya sawa kwa kuwa havitafunwi, ni vya khulinjani, ndugu yake tangawizi, ambayo huku tumezoea kuiona kwa wauza dawa za asili. Uchachu ulitoka katika ndimu. Chumvi yake ilikuwa nam pla, maji ya rangi ya kahawia yanayopatikana kwa kuwalaza dagaa wa baharini katika chumvi kwa mwaka mmoja au zaidi. Mtu aliyekulia karibu na ng'onda na uduvi hawezi kutishwa na harufu hiyo.

Kilichonishangaza hasa ni mchuzi wa kijani. Unakumbuka nilimwomba mhudumu amwulize mpishi namna anavyoupika, ukaona haya kidogo? Jibu lake lilinifungua macho. Sisi huku tunachemsha kitoweo katika tui la pili, lile jepesi, kisha tunamalizia na tui zito na kukoroga taratibu ili lisikatike. Wathai wanaanza upande wa pili: wanalitia tui zito peke yake chunguni, wanaliacha lichemke mpaka litoe mafuta yake, na katika mafuta hayo ndipo wanapokaanga pilipili mbichi, vitunguu saumu, mchaichai na khulinjani vilivyotwangwa pamoja. Tui linalokatika, ambalo kwetu ni kosa la mwali anayejifunza kupika, kwao ndilo mwanzo wa mchuzi. Nilifundisha sayansi kimu kwa miaka mingi na sikuwahi kulifikiria hilo. Tangu nirudi nimelijaribu mara mbili kwa kutumia samaki aina ya changu, na bibi yako aliomba aongezewe.

Kisha ikaja som tam, papai bichi lililochanwa nyuzinyuzi na kupondwa kinuni pamoja na pilipili, ndimu, karanga, kamba wadogo waliokaushwa na sukari inayotokana na utomvu wa mnazi au mvumo. Sina la kuongeza hapo, kwa kuwa kinu unakijua.

Na ile sahani ya mwisho, mwanangu, ya kuku na korosho! Wathai wanaiita korosho kwa jina lenye maana ya embe la Himmaphan, msitu wa katika hekaya zao. Sisi tunaiita shule, bati la nyumba na ada ya chuo chako. Umekua ukiwaona wazee wakipeleka magunia ghalani na kurudi na stakabadhi, wakingojea mnada, na unajua kuwa sehemu kubwa ya korosho zetu huondoka ghafi kwenda India na Vietnam kubanguliwa. Ulipozisogeza kando ukasema zinanenepesha, niliumia kidogo, nami nakuambia wazi ili usidhani nilikasirika kwa sababu ya wali mweupe.

Kwa Waitaliano mambo yalikuwa tofauti, na huko nakiri kuwa ulikuwa mwongozaji mzuri. Tambi zao huachwa na ugumu kidogo katikati kwa makusudi, ilhali sisi tumezoea tambi za sukari za mwezi wa Ramadhani, zilizolainika kwa tui na kunukia iliki, kwa hiyo mdomo wangu ulichukua muda kukubali. Risotto niliielewa mara moja, kwa kuwa ni ubwabwa unaokorogwa kwa subira huku supu ikiongezwa kidogo kidogo mpaka punje zishikamane zenyewe. Piza ya mtindo wa Napoli, ambayo ufundi wa wapishi wake uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2017, huokwa katika tanuri la kuni lenye joto la nyuzi zaidi ya 400 kwa muda usiozidi dakika moja na nusu. Niliipenda, ila pesto niliipenda zaidi. Asili yake ni Genova, nayo hutengenezwa kwa rihani, vitunguu saumu, jibini, mafuta ya zeituni na mbegu za msonobari. Mhudumu alituambia kuwa pale jikoni wanaweka korosho badala ya mbegu hizo, kwa kuwa za msonobari ni ghali. Basi jioni zote mbili zao la nyumbani kwenu lilikuwa mezani.

Sasa nirudi kwenye neno lako. Nyanya ambayo leo hatuwezi kuitenga na chakula cha Kiitaliano ilitoka Amerika, na haikufika Italia mpaka karne ya 16. Pilipili ya Wathai nayo asili yake ni huko Amerika, na Wareno ndio wanaotajwa kuipeleka Asia. Mkorosho wetu ulitoka Brazili kwa mikono ya Wareno haohao, na muhogo wa ugali wa bibi yako una asili ya Amerika ya Kusini. Mezani pale karibu kila kitu kilikuwa kimesafiri. Sioni kwa nini mtu wa Mtwara peke yake ndiye aitwe mgeni.

Jambo moja usilichukulie kwa wepesi. Kwa Waitaliano, pancetta, guanciale na prosciutto zote ni nyama ya nguruwe, risotto mara nyingi hutiwa divai mwanzoni, na tiramisu, kitindamlo chao, inaweza kuwa na kileo. Kwa Wathai pia nguruwe hutumika sana. Wewe ni Mwislamu na huna sababu ya kuona haya kumwuliza mhudumu, tena uliza kabla ya kuagiza. Kuna mchuzi wa Kithai uitwao massaman, wenye iliki, mdalasini, viazi na karanga, ambao jina lake linahusishwa na neno la kale la kuwaita Waislamu. Muulize mpishi kama nyama yake ni halali, na ikiwa ni hivyo, uagize. Tena Wathai huweka vyakula katikati, kila mtu akajichotea juu ya wali wake, kama tunavyokula sinia. Siku nyingine tusigawane kila mtu na sahani yake.

Njoo Oktoba, minada ya korosho inapoanza, na uje na yule rafiki yako anayesema kusini ni mbali. Nitawapikia mchuzi wa kijani wa changu, kisamvu cha nazi, na ming'oko, vile viazi vya porini, kama nitaipata sokoni. Mchaichai, nazi, ndimu na korosho vipo hapa. Wewe niletee chupa moja ya nam pla na khulinjani mbichi kiasi cha kiganja, kwa kuwa kavu ya dawani haitoi harufu ileile. Rihani nimekwisha kuipanda.

Wako akupendaye,
Mama mdogo, Mikindani