Barua ya wazi kwa Mstahiki Meya: kabla soko jipya halijaezekwa, tuambiwe maji ya paa lake yatakwenda wapi

Mstahiki Meya,

Ninakuandikia nikiwa mpangaji wa fremu ya vifaa vya umeme katika mtaa ulio nyuma ya soko, ule ambao kuta zake zote zimepakwa rangi ya mafuta ya kahawia kuanzia chini hadi usawa wa goti. Mgeni hudhani ni urembo. Huo ndio usawa ambao maji ya masika hufikia, na tulichagua kahawia kwa sababu tope likikauka juu yake halionekani sana. Jina la mji nimeliacha kwa makusudi. Wewe unaufahamu, na nadhani wasomaji wa miji mingine watauona wa kwao humu.

Sipingi ujenzi. Soko la ghorofa na stendi iliyotandikwa vitofali vya zege tumeviomba kwa miaka mingi, na tutavitumia. Ila michoro iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo inaonyesha idadi ya vizimba, maegesho na hata upande vyoo vilipo, lakini haionyeshi maji yatakayoshuka kutoka kwenye paa hilo yataingia mtaro upi, wala mtaro huo unaweza kubeba kiasi gani.

Hesabu yenyewe haihitaji mhandisi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji, kwa hiyo paa la mita za mraba 2,000 likipata mvua ya milimita 50 litamwaga lita 100,000, sawa na maboza kumi ya lita 10,000 yaliyofunguliwa mlangoni petu. Hapo sijaigusa stendi, ambayo leo ni ya vumbi na hunywa sehemu ya maji hayo, lakini ikishasakafiwa itayaachia karibu yote. Mteremko mzima unaelekea kwenye kalavati la kona ya mtaa wetu. Nimelipima kwa tepu: upana wake ni sentimita 60, na karibu nusu ya kimo chake imejaa mchanga. Masika yaliyopita nilimtazama kijana mmoja akiwa amelala kifudifudi juu yake, akivuta kwa ndoana ya nondo kiroba kilichonasa ndani. Kilipotoka, maji yaliyokuwa yamefika kwenye vizingiti vyetu yalishuka ndani ya dakika chache. Kiroba kimoja tu, Mstahiki.

Ninatambua kwamba tangu mwaka 2017 barabara za mijini pamoja na mitaro yake ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ilhali vibali vya ujenzi na uzoaji wa taka vimebaki kwa halmashauri. Mgawanyo huo una sababu zake, lakini maji hayaujui: yanaanzia kwenye paa lenye kibali cha ofisi moja, yanapita kwenye mtaro wa ofisi nyingine, na yanazibwa na taka zilizopaswa kuzolewa na ile ya kwanza. Wala kupanua mtaro wetu peke yake hakutoshi, maana tutakuwa tumewasukumia mzigo jirani zetu wa mtaa wa chini, ambao nyumba zao nyingi ni za matofali ya udongo.

Linalonitia wasiwasi zaidi liko juu ya mji, kwenye bonde la magimbi, ambako bikoni za viwanja zimeanza kuonekana kati ya matuta. Bonde lile hupokea mvua ya mlimani, huishikilia kwa saa nyingi, kisha huiachia taratibu. Likijazwa kifusi, maji yale yale yatatufikia kwa mkupuo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, nayo haikuwekwa kwa ajili ya miji mikubwa pekee. Dar es Salaam walijenga karakana ya mabasi yaendayo haraka Jangwani, ndani ya bonde la Msimbazi, ikafurika mara kwa mara, na sasa kuna mradi wa mamilioni ya dola wa kulitengeneza bonde hilo. Kigali, kwa upande wao, walilifufua bonde la Nyandungu, na tangu mwaka 2022 ni bustani ambayo watu hulipa kiingilio kutembea ndani yake.

Ninaomba, basi, kwamba kabla soko halijaezekwa, Baraza la Madiwani liwekewe mezani ramani moja inayoonyesha njia ya maji kutoka bondeni hadi mtoni, ikiwa na vipimo vya kila kalavati. Kwamba mwenye jengo kubwa asipewe kibali mpaka aonyeshe tangi au shimo la kokoto litakalopunguza kasi ya maji ya paa lake, na soko lenyewe liwe la kwanza kutimiza sharti hilo. Na kwamba upimaji wa viwanja bondeni usimame hadi ramani hiyo ijadiliwe.

Vikao vya Baraza viko wazi kwa wananchi. Kijacho nitahudhuria, na tepu yangu nitakuja nayo.

Wako mtiifu,
Mpangaji, mtaa wa nyuma ya soko